Jitu Lililofukuza Kunguru

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijawa kali, Rumaisa alimsaidia baba yake kutoa bidhaa nje ya duka lao la Mtoni, mtaa wa pili kutoka Barabara ya Kilwa. Walianza na mifagio na ndoo, yakafuata magunia ya mchele na maharage, na mwisho zikaja sinia za dagaa. Hizo zilipangwa juu ya meza ndefu mbele ya kibaraza, ili dagaa wapigwe na jua na wateja wawaone tangu mbali.

Baba yake, Mzee Hamoud, alifanya kazi hiyo taratibu kama mtu anayetandika kitanda. Rumaisa aliifanya kama mtu anayekimbia mvua. Alibeba ndoo huku akitazama saa ya ukutani, akaweka sinia huku mguu mmoja ukiwa tayari barabarani.

"Wewe mtoto, una siafu miguuni?" aliuliza Mzee Hamoud.

"Nawahi, Baba."

"Unawahi wapi na shule zimefungwa?"

Rumaisa alicheka tu. Baba alijua vizuri anakokwenda. Nyuma ya saluni, hatua chache kutoka dukani, kijana aitwaye Sadallah alikuwa na chumba chenye kompyuta tano. Hapo watoto wa mtaa walicheza gemu mpaka adhana ya alasiri, kisha Sadallah aliwafukuza wote warudi makwao.

Gemu waliyoipenda likizo hiyo ilihusu kiwanda kilichotelekezwa. Wachezaji wanne walikuwa watoro waliofungiwa ndani. Ili lango lifunguke, iliwabidi wawashe majenereta matano kabla saa ya kiwanda haijaisha. Mchezaji wa tano alikuwa Jitu. Jitu lilikuwa na mbio na nguvu kuliko mtoro yeyote, na lilipomkamata mtu lilimtia kwenye tundu la chuma mpaka mwenzake aje kumtoa. Lakini Jitu lilikuwa moja, na watoro wanne.

Kiti cha Jitu kilikuwa chekundu, kimewekwa peke yake upande wa pili wa chumba. Likizo iliyopita Rumaisa alikuwa mtazamaji tu, akisimama nyuma ya viti vya wenzake. Safari hii walipiga kura, na kiti chekundu kikamwangukia yeye. Alifurahi mpaka akashindwa kula. Tatizo lilikuwa moja: tangu akikalie, alikuwa hajashinda hata mchezo mmoja.

Siku hiyo pia mambo yalikwenda vilevile. Mchezo ulipoanza tu, Adelard alichungulia dirisha la kiwanda, akapiga mluzi. Rumaisa akamvamia. Adelard akaruka dirisha, akazunguka mapipa, akaruka dirisha jingine. Rumaisa alimfuata kila kona, goti lake likitetemeka chini ya meza mpaka kompyuta ikayumba. Mara taa zote za kiwanda zikawaka.

"Jenereta la tano hilo! Lango wazi!" Adelard alivua hedifoni, akajipapasa tumbo. "Asante, Jitu. Umenipunguza kitambi."

Chumba kizima kikacheka.

"Nilikuwa karibu kukukamata!" alifoka Rumaisa.

"Unakaribiaga kila siku. Mie nikikuchungulia tu, unakuja mwenyewe kama mbuzi aliyeonyeshwa majani."

Fizza, binti wa Mzee Bandali muuza vitambaa, hakucheka. Alikuwa mtoto mpole, asiyependa kumwumiza mtu. "Rumaisa," alisema kwa sauti ya chini, "mie hata hujaniona leo. Nimewasha majenereta matatu peke yangu."

Maneno hayo yalimchoma Rumaisa kuliko kicheko.

Adelard akamgeukia mwenye chumba. "Kaka Sadallah, Jumamosi wanakuja watoto wa Kiwalani kushindana na sie. Tukimkalisha huyu kwenye kiti cha Jitu, tutachekwa mpaka shule zifunguliwe. Nipe mie."

Sadallah alijikuna kidevu. Hakupenda kumnyang'anya mtoto kitu alichokipata kwa haki. "Kesho tucheze mara moja," alisema. "Rumaisa atakuwa Jitu, na nyie wanne mtakuwa watoro: Adelard, Fizza, Flaviana na Muntasir. Mkiwasha majenereta yote matano, kiti ni cha Adelard. Saa ikiisha kabla, kiti kinabaki kwa Rumaisa, na sitaki maneno tena."

Asubuhi iliyofuata Rumaisa hakutulia hata kidogo. Alimwaga chai, akavaa kandambili mguu si wake, akatia ufunguo wa stoo mfukoni badala ya kuutundika kwenye msumari. Kichwani mwake alikuwa anaruka madirisha ya kiwanda.

Gari la sabuni lilipofika, Mzee Hamoud alimpa mwanawe ufagio. "Naingia ndani kupanga mzigo. Kaa hapa na dagaa. Usiondoke mpaka nitoke."

"Sawa, Baba."

Kunguru wa Dar es Salaam hawamwogopi mtu. Mmoja alitua kwenye ncha ya meza, akainamisha kichwa, akamtazama Rumaisa kwa jicho moja. Akadonoa dagaa mmoja, akaruka chini, akalia "kwaa!"

Rumaisa akainuka na ufagio. Kunguru akaruka hatua mbili. Rumaisa akamfuata. Kunguru akatua juu ya tofali la jirani, akangoja. Rumaisa akapiga, akakosa. Wakafika kwenye nguzo ya umeme, wakapita saluni, wakafika pembeni mwa mtaro. Kila ufagio uliposhuka, kunguru alikuwa keshahamia mbele kidogo, wala hakuonekana kuwa na haraka ya kwenda mbali.

"Leo nakukamata!" alipiga kelele Rumaisa.

Ndipo akasikia kicheko cha mama mmoja aliyekuja kununua sukari. "Mwanangu, geuka uone karamu yako!"

Rumaisa akageuka. Meza ilikuwa nyeusi kwa kunguru. Sinia moja ilikuwa imepinduka, dagaa wametapakaa vumbini. Alirudi mbio akipunga ufagio, nao wakaruka wote pamoja juu ya paa, midomo imejaa.

Mzee Hamoud alitoka na kusimama mlangoni. "Kulikoni?"

Paka wa jirani alikuwa anapita chini ya meza. Rumaisa alimtazama, na kwa kitambo kidogo uongo ulimjia mdomoni. Akaumeza.

"Ni mimi, Baba. Nilimkimbiza kunguru mmoja mpaka mtaroni. Wengine wakaja nyuma yangu."

Baba yake alivuta pumzi, lakini hakugomba. Aliokota sinia, akaifuta. "Hebu niambie. Mimi nilikuweka hapa umkamate kunguru?"

"Hapana."

"Nilikuweka ufanye nini?"

"Nilinde dagaa."

"Basi njoo utazame."

Mzee Hamoud alizisogeza sinia tatu pamoja, karibu na kibaraza. Mbili akaziacha kule mwisho wa meza. Kisha akakaa kwenye kigoda katikati ya zile tatu, ufagio umelala mapajani.

"Na zile mbili?" aliuliza Rumaisa.

"Zile ni vichwa na makombo, chakula cha kuku. Wakizila, si neno. Mtu mmoja hawezi kulinda meza nzima, mwanangu. Inabidi achague."

Kunguru yule yule alirudi. Alidonoa makombo, akalia, akarukaruka mbele ya mzee kama anayemwita. Mzee Hamoud hakutikisika. Kunguru wa pili alipoisogelea sinia ya karibu, ufagio uliinuka mara moja, ukampiga ubawa, akakimbia. Mzee hakumfuata. Alikuwa keshakaa.

Rumaisa alisahau kukung'uta vumbi miguuni. Alitazama sinia, akatazama kunguru, kisha akatabasamu peke yake.

Mchana, chumba cha Sadallah kilijaa. Rumaisa alikalia kiti chekundu, akavaa hedifoni. Goti lilitaka kuanza kutetemeka, akalikandamiza kwa kiganja.

Mchezo ukaanza. Safari hii hakukimbia popote. Kwanza aliuzunguka ukumbi wa kiwanda na kuona kwamba majenereta matatu yamekaa karibu karibu, na mawili yako mbali, uani. Akasimama kati ya yale matatu.

Jenereta la uani likawaka. Rumaisa akabaki pale pale. La pili likawaka.

"Jitu limelala!" alicheka Adelard. Akachungulia dirishani, akapiga mluzi, akajitokeza nusu mwili. "Njoo basi, mbuzi wangu, njoo!"

Vidole vya Rumaisa viliwasha. Alipiga hatua mbili kuelekea dirishani. Kisha akasikia nyuma yake mlio mdogo wa mtu anayevuta kamba ya jenereta. Akageuka ghafla. Alikuwa Fizza, amechutama gizani. Rumaisa alimkamata kabla hajainuka, akamtia tunduni, akarudi kwenye nafasi yake.

"Uwii!" alisema Fizza, na mara hii alicheka.

Muntasir alikuja kumtoa mwenzake. Rumaisa alisikia nyayo zake juu ya mabati, akamngoja nyuma ya mlango, akamkamata naye. Flaviana alifanikiwa kuwasha jenereta la tatu, lakini yaliyobaki mawili yalikuwa yanatazamana, na Jitu lilikuwa katikati. Kila Flaviana aliposogea, lilimsogelea mpaka akimbie, kisha likarudi.

Wachezaji hawakumwona Mzee Hamoud alipoingia. Alikuwa amekuja kuufuata ufunguo wake wa stoo. Sadallah alimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akampa kiti. Mzee alikaa pale mlangoni, akitazama kwenye kioo lile dude la kutisha likisimama bila kukimbia huku kijana mmoja akirukaruka dirishani.

"Rumaisa, tazama huku!" Adelard sasa alikuwa anabembeleza. "Nifukuze kidogo tu, jamani!"

King'ora kikalia. Saa ilikuwa imeisha, na majenereta mawili yalikuwa bado yamezima.

Rumaisa aliruka kutoka kitini, akamkumbatia Fizza, akakiparamia tena kiti chekundu kama anayeogopa kisije kikaondoka. Adelard alivua hedifoni, mdomo umemfura. Halafu akatikisa kichwa. "Leo umeniudhi kweli. Nani kakufundisha?"

"Baba," alisema Rumaisa, na ndipo alipomwona mlangoni.

"Mie?" alishangaa Mzee Hamoud. "Mie hata hii mashine sijui inawashwaje."

"Kunguru, Baba. Ni kama kunguru."

Mzee alitazama kioo cha kompyuta, kisha sura za watoto, na polepole akaelewa. Alicheka mpaka kofia ikataka kumwanguka.

"Sikilizeni, wanangu," alisema alipotulia. "Miguu yenye haraka si kosa. Mimi mwenyewe natamani ningekuwa nayo. Lakini kabla hujakimbia, jiulize umepewa kazi gani. Mtu akikuita, akikucheka, akikuchokoza, bado kazi yako ni ile ile. Shuleni ni hivyo, dukani ni hivyo, na naona hata majitu ni hivyo. Na wewe, Rumaisa, ulipoharibu asubuhi, ulisema kweli. Ungemsingizia paka, nisingekuwa na la kukuonyesha." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe ufunguo wangu."

Jumamosi asubuhi dagaa walitolewa kama kawaida. Mzee Hamoud alikuwa stoo, na Rumaisa alikaa kwenye kigoda, ufagio mapajani. Miguu yake ilicheza chini bila kupumzika. Adelard alikuja mbio, jasho likimtoka.

"Jitu, twende! Kiwalani wameshafika, na mmoja wao anatamba huyo!"

Kunguru alitua kwenye ncha ya meza, akalia "kwaa!"

"Nakuja," alisema Rumaisa bila kuinuka. "Ngoja Baba atoke stoo."