Fagio za Chini ya Ghorofa

Haya yalimkuta rafiki yangu Oydin, wa Tashkent. Mtaa wao ulibomolewa, likajengwa ghorofa, lakini kila alfajiri alishuka kufagia na kunyunyizia maji nje, kama wanawake wa mtaa walivyozoea, kila mmoja langoni kwake.

"Bibi, hapa hakuna mtaa tena!" mlinzi wa ghorofa alifoka, akaufungia ufagio wake stoo, kwenye maegesho ya chini.

"Mtaa ni sisi, mwanangu."

Kesho yake Oydin aliufuata. Kule chini kulikuwa giza totoro, na fagio nyingi zilikuwa zikikwaruza sakafu. Alipoita majirani wa zamani kwa majina, zikanyamaza. Mlinzi akaja na tochi, akasita kuiwasha.

"Mulika! Unawaogopa majirani zangu?"

Sakafu nzima ilikuwa imefagiwa, imelowa, isipokuwa kipande kimoja chenye vumbi, upana wa lango la zamani la Oydin. Ufagio wake ulikuwa umelazwa hapo.