Komeo la Ndani

Haya yalimpata rafiki yetu Emilia, na hadi leo akiyasimulia hushusha sauti.

Alitumwa Kitangari akachukue mikeka ya wageni wa arobaini ya bibi yake. Nyumba ya marehemu ilikuwa imefungwa tangu mazishi. Ina mlango mmoja tu na kidirisha kisichopitisha hata paka. Nje huning'inia kufuli. Ndani kuna komeo, gongo la mti ambalo bibi alilishusha kila usiku, polepole, asiwaamshe wajukuu, Emilia akiwa mmoja wao.

"Shikamoo, Mama Chrispin."

"Marahaba." Jirani alifundua pindo la kanga, akampa ufunguo. "Ukifika, piga hodi kwanza."

"Si hamna mtu, mama?"

"Najua. Wewe piga tu."

Giza lilikuwa limeshaingia chini ya mikorosho. Emilia aliona haya kubisha kwenye nyumba tupu, akatia ufunguo moja kwa moja. Kufuli likafunguka bila taabu, lakini mlango haukwenda. Akausukuma kwa bega. Ulicheza kidogo tu, kisha ukagota kwenye kitu kigumu kilichokingama kwa ndani.

Ndipo alipokumbuka.

"Hodi," akasema.

Kisha, nyuma ya mlango, mti ulisuguana na ukuta, ukipandishwa polepole, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuwaamsha watoto.