Viroba vya Mzee Pantaleo

Ngo.

Mara moja tu, chuma juu ya jiwe, kutoka stoo. Paskazia alifumbua macho, akangoja mlio wa pili, haukuja. Kando yake mumewe, Edson, alikuwa ameketi kitandani, ameziba masikio kwa viganja, kama mtu anayeufahamu mlio ule tangu zamani.

Mchana wa siku hiyo walikuwa wameanua matanga ya baba yake Edson, Mzee Pantaleo. Wageni walipotawanyika, Edson alifungua stoo ya nyumba yao pale Kambarage, akakuta viroba kumi na kimoja vya unga wa mawe kutoka shimo la zamani la mzee, kule nyuma ya Katoro. Mawe yalikuwa yamesagwa laini, lakini hayajaoshwa kutoa dhahabu. Miaka ishirini na miwili mzee alilala na ufunguo wa stoo hiyo shingoni, na aliyeuliza kwa nini haoshi mali yake alijibiwa kwa fimbo. Sasa mzee yuko chini, ufunguo uko juu.

Kulipopambazuka Edson hakutaka kusikia habari ya mlio. Panya, alisema. Alichota karai moja, akachuchumaa uani, na Paskazia akawa anammiminia maji. Unga ulizunguka, mchanga mwepesi ukamwagika, na chini ya karai ukabaki mstari wa njano, mrefu kama kidole.

"Mama Noela," alinong'ona, "tumetoka."

Aliuponda mstari ule kwa zebaki, akaukamua ndani ya kitambaa, akaiweka punje iliyobaki juu ya mkaa. Moshi ukapanda. Edson aliuvuta mara moja tu, akainama kukohoa, na kilichomtoka kinywani hakikuwa kohozi. Kilikuwa vumbi la kijivu, kavu, lilelile la kwenye viroba. Alisema moshi ule unanuka nywele zinazoungua. Paskazia alikuwa amesimama katika moshi huohuo, na yeye hakukohoa. Kwake ulinukia karanga za chumvi.

Jioni Edson hakuweza kusimama. Kila akikohoa, vumbi. Mama yake, Bi Mageni, alimfuta mdomo kwa khanga, akatuma mtu kwa mganga. Kesho yake alfajiri Paskazia alifunga punje ile kwenye pindo la kitenge, akaenda Katoro kwa sonara mmoja aitwaye Marcel, ajue kwanza wana nini mkononi.

Marcel aliiparuza punje kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la asidi. Mchirizi wa dhahabu safi ungetulia. Huu ulichemka, ukatoa povu la kijani.

"Mama, nani amekuchanganyia shaba?"

Paskazia alimwambia hakuna aliyechanganya kitu, imetoka ndani ya jiwe.

"Dhahabu ya huku naijua. Hii ni shaba ya waya, ya kusuka bangili." Alicheka. "Au jiwe lenu lilikuwa linavaa bangili?"

Paskazia hakucheka. Alikuwa na miaka tisa tena, kule Kishapu, mwaka wa ukame, anahesabu nyuzi za shaba kwenye mkono wa baba yake wakati baba akifunga kifurushi cha kwendea machimboni. Nyuzi tatu, zimesukwa. Baba alimwahidi karanga za chumvi, akaenda, hakurudi. Watu walisema amepata mwanamke Katoro. Mama yake alikufa akiamini hivyo, akimlaani. Mjomba Enock akamlea, akamwandikisha shule kwa jina lake yeye mjomba, na jina la yule mwanamume aliyetoroka likazikwa katika nyumba ile kama kitu cha aibu.

Aliporudi Kambarage alimkuta mganga, bibi mmoja aitwaye Mwanaima, ameinamisha sikio juu ya kiroba.

"Dhahabu ina mwenyewe, na mwenyewe ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akifia shimoni asiitwe, jini humvaa kama kanzu. Huyu hakuitwa. Nani alishika kamba yake ya kushukia?"

Bi Mageni alijibu akitazama sakafu. Marehemu mume wake.

Mwanaima akatikisa kichwa. Katika mashimo yale watu huitana kwa majina ya utani, ili jini lisiwajue. Jina la kweli huambiwa mshika kamba peke yake, naye, mtu akifia chini, huliita mdomoni pa shimo ili marehemu aione njia ya kwao. Mshika kamba alikuwa amekwenda nalo kaburini. Mganga alisema njia anaweza kuifungua, kuita hawezi. Na vumbi likijaa kifuani, basi. Alikataa chai, akaondoka.

Paskazia akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Noela, ni nani yule?"

Edson alisema kwa vipande, kati ya kikohozi na kikohozi. Walimwita Chumvi. Yeye Edson alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, kazi yake kushika taa. Ukuta uliporomoka, na kifusi kilichomfunika Chumvi kilikuwa kimejaa mshipa wa dhahabu. Jina lingeitwa, kambi nzima ingesikia, na shimo lingefungwa. Mzee akaikata kamba. Baadaye wakachimba kifusi, wakasaga kila kilichokuwamo.

"Lakini alikuwa hai," Edson alisema. "Nyundo yake ilikuwa inalia."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Ndipo Paskazia alipoelewa kwa nini Mzee Pantaleo mwenyewe alimtuma Edson kuoa katika nyumba ile ya Kishapu, akatoa ng'ombe wote wa mahari bila kubishania hata ndama.

Alichukua kigoda, akakaa mlangoni pa stoo.

"Jina lake ninalo."

Bi Mageni alipiga magoti. "Mwanangu, liseme."

"Nitalisema, mama. Baada ya siku mbili."

Na alikaa siku mbili, mchana na usiku, huku nyundo ikilia ndani ya stoo na kifua cha Edson kikiitikia, ngo na kikohozi, ngo na kikohozi, maji aliyonyweshwa yakigeuka tope mdomoni mwake, Bi Mageni akimbembeleza mkwewe kwa jina la Noela aliye shuleni, kisha akimwita mchawi, kisha akimwita mama, na Paskazia akitazama mbele, jina likiwa chini ya ulimi wake, zito, tamu, mpaka jua la siku ya pili lilipoinama na mapigo yakaanza kuachana, moja, kimya kirefu, jingine dogo zaidi, kama yalivyoachana zamani zile, na akatambua kwa baridi ya mifupa kwamba aliye ndani hakuwa akigonga ili aue. Alikuwa bado anagonga ili atolewe, na wa pili kumwacha gizani alikuwa binti yake mwenyewe.

Aliegemeza paji la uso kwenye mlango. Upande wa pili, usawa uleule, kitu kikaegemea.

"Sikuiti ili huyu apone," alinong'ona. "Nakuita urudi nyumbani."

Mtoto hamtaji baba yake kwa jina. Hakuwahi kulitamka maishani. Alifumbua mdomo.

"Ngassa."