Umri wa Josias

Pumzi ya mtoto ina bei gani? Annick alijiuliza hivyo kila alfajiri, akiwa amelala ubavuni mwa mdogo wake katika ghorofa ya tisa mtaani South Beach, ufukweni mwa mji. Nje, ukungu ulikuwa umeimeza bandari. Shingo za kreni tu zilielea juu yake, hazina miguu. Kifua cha Josias kilipiga mluzi mwembamba, kikatulia, kikapiga tena. Annick alivuta pumzi pamoja naye, akiwaza kwamba huenda jengo zima linapumua hivyo, polepole, usingizini.

Mama yao, Marie-Jeanne, aliyeingia nchi hii kama mkimbizi, alikuwa akichemsha chai kabla ya kwenda kusuka nywele saluni.

"Mama, pampu ya pumu ya Josias inakaribia kwisha. Na kliniki ni leo."

"Hatuendi." Mama aliitazama bahasha ya hospitali juu ya friji. "Deni lile siwezi kulilipa hata nikisuka vichwa vya mji mzima. Tukionekana pale, watatushika."

Mwezi uliopita Josias alikuwa amelazwa kwa pumu. Mama hakujua Kiingereza vizuri, kwa hiyo Annick, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyesimama kwenye dirisha la mapokezi kumfasiria. Karani alipouliza umri wa mtoto, Annick alijibu, "Miaka sita." Ndivyo walivyozoea kusema tangu Januari, Mama alipomwambia mwalimu mkuu kuwa Josias ametimiza sita ili aingie darasa la kwanza. Chekechea ilikuwa ya kulipia. Shule ile ilikuwa bure. Cheti cha kuzaliwa, alisema, kingefuata. Umri huo wa shule uliwakaa mdomoni hata nyumbani. Kweli ni kwamba Josias alikuwa na miaka mitano.

Jioni alikuja Dada Goreth, Mrundi aliyesomea sheria chuo kikuu na kuimba kwaya moja na Mama. Aliisoma bili, akakunja uso.

"Mama Annick, katika hospitali za serikali mtoto ambaye hajatimiza miaka sita, na hana bima, hatozwi. Ni sheria ya nchi hii, na inamlinda mkimbizi pia."

"Mimi iko sita!" Josias alidakia, akiinua vidole. "Shuleni."

"Na hospitalini je?"

Josias aliwaza. "Hospitalini mimi ni mgonjwa."

Wote walicheka ila Mama. "Nikitoa cheti, shule nayo itajua. Watamfukuza."

"Usipokitoa, atakosa dawa. Sheria inaweza kumtetea mtoto wa miaka mitano, dada yangu. Huyo wa miaka sita hayupo."

Kesho yake asubuhi pampu ilitoa hewa tupu. Mama aliinua godoro, akachukua cheti, akamfunga Josias mgongoni, wakampitia Goreth njiani.

Karani wa hospitali alikigeuzageuza cheti. "Lakini ninyi wenyewe mlisema sita. Lipeni kwanza, mlalamike baadaye."

Annick alisogea hadi dirishani. "Ni mimi niliyesema," alimwambia karani. "Nilikosea. Cheti ndicho cha kweli."

"Tunaomba bili irekebishwe," Goreth aliongeza kwa upole. "Ukikataa, tafadhali tuandikie sababu."

Karani aliingia ndani kwa mkubwa wake. Aliporudi, alikuwa akitikisa kichwa. "Eish! Kumbe alizaliwa papa hapa. Nasi tungetazama faili letu la uzazi mapema; tarehe ni ileile ya cheti." Aligonga muhuri wa kufuta deni, akawaelekeza kliniki.

Walipotoka na pampu mpya, walisubiri teksi kwenye mteremko wa mtaa wa Berea. Mji ulikuwa umelala chini yao katika mwanga wa samawati. Kifua cha Josias hakikupiga mluzi.

"Sheria ilikuwepo tangu siku ile uliposimama dirishani, Annick," alisema Goreth. "Ila haki hudaiwa, mdogo wangu, na anayeidai huenda na ukweli wake mkononi."

Annick aliinamisha macho. Mama alimgusa bega.

"Uwongo huo ni wangu, si wake," alisema. "Kesho nitamwambia mwalimu mkuu kwamba Josias ana miaka mitano, hata kama atamrudisha nyumbani. Annick, utanifasiria. Usiongeze hata mwezi mmoja."