Pipa la Ngano Lisilotiwa Maji

Asubuhi ile Gaudensia alifunua mtungi ili achote maji ya uji, na kata ikagonga udongo mkavu. Jioni iliyopita alikuwa ameujaza mwenyewe mpaka shingoni. Aliinama akapapasa sakafu kuuzunguka mtungi. Ilikuwa kavu. Aliuinua akautazama kwenye mwanga wa mlango, wala hakuona ufa.

"Oliva, uliwapa ndama maji haya?"

"Hapana, mama," mtoto alijibu.

Gaudensia aliurudisha mtungi mahali pake. Alichukua ndoo akaenda bombani.

Nyumba yao ilikuwa Jorodom, hapo Katesh, na chumba cha mbele kilikuwa kilabu. Mumewe, Emanuel Akonaay, alikuwa dereva wa trekta katika shamba kubwa la ngano kule uwandani, mpaka serikali ilipochoka na kilimo ikaanza kuyauza mashamba yake. Siku ya mnada wenzake waligombea majembe na matairi. Emanuel alirudi na pipa.

"Pipa la nini, Baba Oliva?"

"La wiski. Ni ya yule Mzungu wa mbegu. Wao walidhani ni oili chafu."

Mzungu huyo, kabla hajarudi kwao, alikuwa amepika pombe kwa desturi yake, mahindi kwa ngano, na ngano yenyewe ya shamba lile lile, kisha akailaza katika pipa la mbao ngumu lililounguzwa ndani. Aliiita bourbon. Alimweleza Emanuel kwamba pombe ya namna hiyo watu huipunguza kwa maji, lakini yeye aliitaka ya kwake inywewe vile vile ilivyotoka pipani. Emanuel aliyashika maneno hayo kama amri ya kanisa.

"Hii haitiwi maji," aliwaambia wanywaji. "Anayetaka maji, bomba liko pale."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa akina Akonaay hakuna pombe inayofunguliwa, ya mtama wala ya asali, kabla mwenye nyumba hajanyunyiza maji kizingitini na kuombea ubaridi, ndiyo amani ya nyumba. Emanuel aliliruka jambo hilo kwa kuwa pombe ilikuwa ya kigeni, akaona mila haiihusu.

Pombe hiyo ikaanza kuwagawa watu. Pascal Qamara, mchunga mbuzi, alipoionja mara ya kwanza aliweka glasi chini akafuta macho.

"Tamu," alisema. "Tamu kama, sijui niseme nini. Kama nyumbani."

Joakimu Sulle, mtu wa Tlawi aliyewahi kuwa mtunza stoo shambani, na aliyejiona mwamuzi wa kila kinywaji kati ya Katesh na Dongobesh, alienda kutema mlangoni.

"Nyumbani kwenu mnakula udongo? Hii ni tope, Pascal. Tope, moshi, na majani yaliyoozea majini."

"Ulimi wako umeharibiwa na gongo."

"Ulimi huu ulikuwa unapima pombe wewe bado unanyonya."

Watu walicheka. Lakini kadiri siku zilivyopita kicheko kilipungua, na kilabu kikawa na mabenchi mawili, benchi la utamu na benchi la tope, na wa huku hawakuwapa wa kule hata kiberiti. Gaudensia alionja tone moja kwenye ncha ya kidole. Tope tupu. Emanuel alionja glasi nzima, akajimiminia nyingine huku akiutazama ukuta.

Mwanzoni Gaudensia hakuyaunganisha mambo hayo na mtungi. Kisha maji ya kuku yakawa yanakauka kabla jua halijapanda. Kichupa cha maji ya baraka alichopewa na padri kilikutwa kitupu, kifuniko kikiwa kimefungwa. Na watu wa benchi la utamu wakaanza kupasuka midomo. Emanuel alikunywa maji ndoo kwa ndoo na hakutoa jasho. Akishika mkono wa Gaudensia, kiganja chake kilikwaruza kama ganda la mti.

"Twende hospitali," mkewe alimwambia.

"Nitaenda. Nipe maji kwanza."

Walienda, na daktari hakuona ugonjwa. Alimtundikia chupa ya maji ya mshipani. Gaudensia aliketi akiitazama ikishuka, ikishuka upesi mno, kama inayovutwa na mtu kwa mrija, na mumewe alibaki mkavu vile vile.

Siku moja mchana, Oliva yuko shule na kilabu hakina mtu, Gaudensia alisikia sauti ya kumeza. Ilikuwa ya taratibu, kama ya mzee anayekunywa dawa. Ilitoka kwenye pipa. Alisogea, akainama, akaweka sikio kwenye ubao uliokuwa na joto kama ngozi ya mgonjwa, na mle ndani, mbali sana, mbali kuliko pipa lilivyoweza kuwa na kina, akasikia maji yakichuruzika juu ya mawe na wasichana wakicheka na vibuyu vikigongana, na harufu ya udongo uliotoka kulimwa ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, kisha vyote vikanyamaza kwa pamoja, kama watu waliogundua kwamba wanasikilizwa, na karibu kabisa na sikio lake, upande wa pili wa ubao, sauti kavu ikasema, "Maji."

Alitoka mbio mpaka dukani kwa jirani yao Tawakali, Mwislamu asiyegusa pombe. Tawakali alimpa kigoda, akamwacha apumue.

"Na mimi ile harufu naisikia toka ukutani kwangu, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kukutisha. Nina dua za kumfukuza jini, lakini nimfukuzie wapi? Huyu analia kama mtu aliyetolewa kwake. Hao wa benchi la utamu, umewahi kuwauliza walizaliwa wapi?"

Gaudensia aliwahesabu kichwani. Pascal. Wale ndugu wawili wachoma mkaa. Emanuel. Wote walizaliwa uwandani, mahali palipo ngano sasa. Wote walikuzwa na maji ya kisima kimoja, kisima cha Akonaay, baba mkwe wake.

Alituma mtu Tlawi akamlete mama mkwe, Fransiska, aliyehamia huko ardhi yao ilipochukuliwa. Bibi aliingia na kibuyu chake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Alimwona Emanuel kitandani, akamshika shavu. Kisha akaenda kwenye pipa, akalinusa, akapiga magoti kama anayemwamkia mkubwa wake.

"Ni wa kisimani kwetu," alisema. "Sisi tunamwita netlangw, mwenye chemchemi. Siku ile trekta zilipofukia kisima, nilijua hajafa. Alipanda kwenye ngano. Ngano ikapikwa, maji yote yakatolewa, naye akafungwa humo na kiu yake."

"Trekta niliendesha mimi, mama," Emanuel alisema kutoka chumbani.

"Tunajua, baba. Kila mtu alikuona. Ulikuwa umeajiriwa."

"Anadai kondoo?" Gaudensia aliuliza.

"Hadai kondoo. Anataka kurudi. Tuwahi, kabla hajammaliza huyu."

Tawakali alileta pikapu yake. Walipakia pipa, wakamlaza Emanuel kando yake juu ya magunia, na Gaudensia akakaa ameshika kichwa chake njia nzima, vumbi likiwapiga, na kila pipa lilipotikisika Emanuel alitikisika nalo. Uwandani ngano ilikuwa imevunwa. Pande zote yalikuwa mabua tu, hakuna mti, hakuna jiwe, na Fransiska alisimama katikati akizunguka asijue pa kuanzia.

"Hapo," Emanuel alisema. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. "Chini ya ule mteremko. Jembe lilikwama mara moja, hapo."

Wakamshusha. Alitaka kulifungua pipa mwenyewe, nao wakamwachia. Fransiska alitia kwanza maji ya kibuyu ndani ya pipa, akiomba ubaridi kwa lugha yao, na pipa likalia kama chuma cha moto kinachotumbukizwa majini, na upepo ukakatika, na mabua ya uwanda wote, hata kule ambako macho hayafiki vizuri, yakalala kuwaelekea wao kama nywele za mtu anayechanwa, na harufu ya tope ikawa nzito kiasi kwamba Tawakali alifunika uso kwa kanzu akasoma dua kwa sauti ya kutetemeka, na pombe ikamwagika nyekundu kama chai juu ya ardhi, na ardhi ikaimeza kwa sauti ile ile Gaudensia aliyoisikia mchana ule, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Upepo ukarudi. Emanuel alikuwa amechovya mkono mzima kwenye udongo uliolowa.

"Baridi," alisema, akatabasamu. "Mama Oliva, shika uone. Baridi."

Gaudensia aliushika mkono wake. Kweli ulikuwa laini, umelowa, kama zamani. Aliendelea kuushika hata baada ya Fransiska kumfumba mwanawe macho.

Pascal na wenzake walipona. Kilabu kilifungwa. Masika yalipokuja, mwaka ule mkoa wetu ulipoitwa Manyara, watu waliopita uwandani walisema chemchemi imetoka tena chini ya mteremko. Waliokunywa waligawanyika. Pascal alisema ni tamu. Joakimu alitema, akasema ni tope, lakini safari hii alivua kofia.

Siku ya kumkumbuka Emanuel, Gaudensia alienda na Oliva. Maji yalikuwa meupe, yakichuruzika juu ya mawe. Alichota kwa kiganja akanywa, akingojea tope.

Yalikuwa matamu. Na nyuma ya utamu kulikuwa na dizeli kidogo, na tumbaku, na jasho la shati la kazi, lile alilolifua miaka yote.

"Nipe na mimi, mama," Oliva alisema, akinyoosha kikombe.

Alimpokonya kikombe, akamvuta mtoto mbali na ukingo, akamkumbatia. Alilia kwa sauti, alilia sana, na alipojifuta macho kiganja chake kilirudi kikavu kama ganda la mti.