Mbuzi Asiyechoka

Asubuhi za Muthoki zilianza na mtungi. Kabla ya jua kutoka alikuwa ameshateremka mtoni, amefukua mchanga, amengoja maji yajikusanye shimoni, na amerudi nyumbani na mtungi mgongoni, kamba ya kubebea imemkaza kwenye paji la uso. Kisha aliwasha moto, akampikia mama yake chai ya rangi, akafungulia mbuzi, akanawa miguu na kwenda shule. Darasani, katika shule ya msingi iliyo karibu na reli pale Sultan Hamud, alisinzia wakati wa hesabu. Wenzake walimcheka. Hawakujua kwamba Muthoki hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wa mtoto wa darasa la saba haumpi mtu alama.

Mwaka huo wa 1996 kila mtu alikuwa amechoka. Mvua ilikuwa imekosa msimu mzima. Baba yake Muthoki alifanya kazi kiwandani Athi River na hakuja nyumbani mara nyingi. Mama yake, Ndila, alikuwa ameumia mgongo akibeba mawe, na sasa hata kuinama kuchukua kijiko kulimtoa jasho.

Mawe hayo yalikuwa ya mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi. Kila Jumamosi walijenga ukuta mtoni ili uzuie mchanga na maji yasikimbie. Adhuhuri wakishaweka jembe na karai chini walipumzika, halafu jioni walikwenda kwenye shamba la mmoja wao kumchimbia matuta. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ya kina Muthoki ilikuwa imekaribia, na Ndila aliisubiri kama mgonjwa anavyosubiri daktari. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko. Mwaka uliotangulia mvua ilipiga mara chache tu, ikabeba udongo, mbegu na mbolea yote hadi bondeni. Bila matuta, mvua ya vuli ingefanya vivyo hivyo tena, nao wangekosa chakula.

Sheria ya mwethya ilikuwa moja. Kila nyumba ilete mikono. Nyumba inayoacha kazi bila sababu, zamu yake inapita kwa nyumba inayofuata. Kwa kuwa Ndila hakuweza, Muthoki ndiye aliyekuwa mikono ya nyumba yao.

Zamu yao ikiwa imebakiza wiki moja, Ijumaa baada ya shule, Muthoki alipitia dukani kwa Mzee Dirie kununua chumvi. Nadifa, binti wa Mzee Dirie, alikuwa mwenzake wa dawati.

"Muthoki, kuja uone kitu," Nadifa alimwita kutoka chumba cha nyuma. "Bile ametengeneza mbuzi."

"Mbuzi wa kutengenezwa?"

"Wewe kuja tu."

Bile alikuwa kaka mkubwa wa Nadifa. Alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, akarudi na kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, yenye kioo kikubwa kama debe. Juu ya meza palikuwa na disketi nyingi. Bile alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri.

"Karibu, haiumi hii," alisema. "Bonyeza hapo atembee. Bonyeza hapo aruke."

Kwenye kioo alisimama mbuzi mweupe, mdogo, wa vipande vya mraba. Muthoki alibonyeza. Mbuzi akaruka kutoka jiwe moja hadi jingine, akapita juu ya korongo, akapanda kilima. Muthoki alivitambua vilima vile mara moja. Vilikuwa vilima vya Kilungu, jinsi vinavyoonekana ukisimama barabarani ukatazama juu.

"Aiya! Hii ni huku kwetu!"

"Si ndiyo? Nimechora mwenyewe."

"Mimi nilidhani gemu zinatoka Japani."

Bile alicheka. "Hizo kubwa zinatoka huko, kwa kampuni kubwa. Lakini tazama disketi hizi. Watu wanapeana mkono kwa mkono. Hii ya chura anayeruka ilitengenezwa na mtu mmoja tu, nyumbani kwake. Hii nyingine, ndugu wawili. Nilipoona majina yao, nikasema, kumbe mtu mmoja anaweza. Nikaanza na mbuzi, kwa sababu baba anauza mbuzi na mimi nawajua wanavyoruka."

Jambo hilo lilimshangaza Muthoki kuliko mbuzi mwenyewe. Mtu mmoja, kwenye chumba cha nyuma cha duka lenye magunia ya sukari, ametengeneza vilima na korongo na mnyama wa kuviruka! Aliendelea kubonyeza. Mbuzi alipanda, akashuka, akapanda tena, na hakuhema hata kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Muthoki alisahau mgongo wake.

Kwenye kilima cha mwisho mbuzi alianguka kila mara.

"Hapa pengo ni pana mno," Muthoki alisema. "Hata angekuwa mbuzi wa kweli hangefika. Weka jiwe katikati."

Bile alitazama, akajikuna kichwa. "Nimepaangalia hapo mpaka macho yameuma, sikuona. Una jicho, wewe. Kesho nitakuwa nimeparekebisha. Uje unijaribie."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Muthoki kwamba ana jicho. Alikwenda nyumbani akiwa na chumvi mkononi na mbuzi kichwani.

Jumamosi, mstari ulipangwa mtoni kama kawaida. Mawe yalipokezanwa mkono kwa mkono kutoka kwenye rundo hadi ukutani. Mtu akichoka na kuondoka, waliobaki walisogeleana ili pasiwe na pengo. Lakini mtu akisema, "Narudi sasa hivi," hakuna aliyesogea. Jirani yake alimshikia nafasi, akiivuka mwenyewe na kila jiwe hadi mwenye nafasi arudi. Hiyo ilikuwa heshima ya mwethya, na watu waliitunza.

Jirani ya Muthoki kwenye mstari alikuwa Susu Kalunde, bibi mwembamba mwenye mikono migumu na mdomo wa utani, ambaye watoto wote walimwita Susu, yaani nyanya. Jua lilipopanda, Muthoki aliona mawe yote yamekuwa mazito. Mikono ilimuuma, shingo ilimuuma, na duka la Mzee Dirie halikuwa mbali.

"Susu," alisema, "tumbo linaniuma. Wacha niende kichakani, narudi sasa hivi."

"Nenda, mwanangu. Usilazimishe tumbo, tumbo ni mzee kuliko wewe. Nitakushikia."

Muthoki aliacha karai lake mahali pake, akaingia kichakani, akatokea upande wa pili, akakimbia.

"Leo huna kazi?" Bile alimuuliza.

"Tumemaliza," Muthoki alisema. Uongo wa pili hutoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Pengo lilikuwa limerekebishwa. Mbuzi aliruka, akafika kileleni, Bile akapiga makofi, Nadifa naye akapiga makofi. Muthoki akaomba arudie kidogo tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Muthoki, akiwa ameketi kwenye gunia la sukari, hakuhisi uzito wa jiwe hata moja kati ya yale yaliyokuwa yakipita mikononi mwa Susu Kalunde.

Aliporudi mtoni, mstari ulikuwa umevunjika. Watu walisimama wakimzunguka mtu aliyeketi mchangani. Alikuwa Susu Kalunde. Alikuwa ameteleza akivuka nafasi ya Muthoki na jiwe kifuani, na kifundo cha mguu wake kilikuwa kimeanza kuvimba.

Mama Jonah, mwenyekiti wa mwethya, aligeuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Na wewe ulikuwa wapi muda wote huu?"

Kabla Muthoki hajafungua mdomo, Susu Kalunde alisema, "Mwacheni mtoto. Tumbo linamsumbua, aliniambia. Mimi ndiye niliyewakataza kusogea." Kisha akamtazama Muthoki. "Limetulia?"

"Ndiyo, Susu," Muthoki alinong'ona.

Hivyo zamu yao ilibaki palepale. Hakuna aliyemshuku. Hilo ndilo lililomtesa.

Siku ya pili, kanisani, waumini waliombwa wamwombee Susu Kalunde. Muthoki alifumba macho lakini hakuweza kuomba. Mchana mama yake alimtuma apeleke uji kwa mgonjwa. Alimkuta Susu ameinua mguu juu ya kigoda, mguu umekuwa mkubwa kama boga.

"Umekuja vizuri," Susu alisema kwa furaha. "Nilikuwa nakungoja. Nimekuchemshia mwarobaini wa tumbo lako. Nimeambaa na ukuta mpaka jikoni! Kunywa yote."

Muthoki alishika kikombe. Dawa ilikuwa chungu hadi masikioni. Alikunywa yote, kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao, huku mgonjwa wa kweli akimtazama na kutikisa kichwa kwa huruma. Alirudisha kikombe na kuondoka mbio, akalia njia nzima.

Nyumbani alimwambia mama yake kila kitu. Ndila aliketi polepole, mkono mgongoni. Alionekana amezeeka ghafla.

"Unajua ukisema, zamu yetu inapita," alisema.

"Najua, mwaitu," Muthoki alimjibu mama yake. "Na nisiposema?"

"Usiposema, tutapata matuta. Nami nitapita juu yake kila siku nikijua yamechimbwa kwa mguu wa Kalunde." Alishusha pumzi. "Sitaki. Lakini mimi sitakusemea. Utasimama mwenyewe."

Mwethya ulikutana Jumatano jioni nje ya kanisa. Susu Kalunde aliletwa kwa baiskeli. Muthoki alisimama mbele ya watu wazima.

"Jumamosi sikuumwa na tumbo," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nikadanganya, nikaenda dukani kwa Bile kucheza gemu ya mbuzi. Susu alianguka kwa sababu yangu."

Kisha Susu Kalunde akauliza polepole, "Na ile dawa yangu ulikunywa ya nini?"

Wengine walicheka. Susu hakucheka. Aligeuza uso pembeni, na Muthoki aliona afadhali angechapwa.

Mama Jonah alitoa uamuzi. "Zamu ya Ndila inapita. Jumamosi hii tutachimba kwa Kalunde anayefuata kwa zamu. Muthoki atakuwa mikono ya nyumba ya Kalunde mpaka mguu upone, na nyumba yao nayo ilete mikono mingine. Mikono hiyo mtaitafuta wenyewe. Jumamosi inayofuata, mvua kubwa ikiwa haijanyesha, tutakuja kwenu."

Jumamosi hiyo Muthoki alichimba shambani kwa Susu Kalunde hadi viganja vikatoa malengelenge. Susu hakumsemesha. Wiki iliyofuata mawingu yalianza kujaza anga upande wa vilima vya Chyulu. Watu wote walifurahi isipokuwa Ndila na binti yake, ambao walitazama juu kila saa wakiomba kitu ambacho hakuna mkulima wa Ukambani anayekiomba, kwamba mvua ingoje. Alhamisi ilinyesha kidogo. Asubuhi yake walikuta kona moja ya shamba imeshuka bondeni, mizizi ya mti wa mbaazi ikiwa nje. Ndila aliketi kwenye kizingiti. Hakumgombeza mtoto wake. Hakuwa na nguvu za kugombeza.

Jumamosi ilipofika, kazi ya mtoni ilipokwisha, Muthoki alitangulia shambani na jembe lake, hajui kama watakuja baada ya mvua ile. Wa kwanza kutokea alikuwa Bile, pamoja na Nadifa. Bile alikuwa amebeba jembe jipya lenye karatasi ya dukani.

"Nadifa ameniambia yote," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia uje, na nilipokuuliza kuhusu kazi sikuuliza mara mbili. Mnahitaji mikono mingine, au sivyo?"

"Unajua kuchimba?"

"Wallahi, sijui. Ila gemu yangu nayo nilianza bila kujua."

Kisha wakaja wengine, wakiwa wamechoka na kazi ya wiki nzima, wengine wakiburuta miguu. Mama Jonah alinyoosha kamba kukata mteremko, watu wakajipanga kando yake, wakaanza kuchimba na kurushia udongo upande wa juu. Bile alirusha wake machoni pa jirani, akafundishwa kwa makelele na vicheko. Susu Kalunde, mguu umefungwa kitambaa, aliketi kwenye gunia mwisho wa mstari, karibu na Muthoki.

Jua likikaribia kuzama, matuta yakiwa yamebaki kidogo, Susu alisema bila kumtazama, "Huyo mbuzi wako, ni kweli hachoki?"

"Hachoki, Susu."

"Basi ni kwa sababu hajabeba kitu." Sasa akamgeukia. "Sikia, mwanangu. Wewe unadhani nilikasirika kwa sababu ulikwenda kucheza. Mtoto asipocheza atakuwa nini? Wala kuchoka si kosa. Tazama watu hawa, nani hapa hajachoka? Kosa lako ni kwamba uliondoka na uongo, ukaniacha nalinda nafasi ya mtu ambaye harudi. Ungesema, 'Susu, nimechoka, nakwenda,' tungesogeleana. Basi. Kazi ingeendelea na mguu wangu ungekuwa mzima. Ukweli hata ukiwa mdogo unawaambia wenzako wasimame wapi."

Muthoki aliinua jembe. Mikono ilikataa. Alijaribu tena, ikakataa tena. Aliona haya, lakini safari hii alifungua mdomo.

"Mama Jonah!" aliita. "Nimechoka. Naomba nikae kidogo."

Mama Jonah hakuinua hata kichwa. "Sogeleaneni!" alisema, na mstari wote ukasogea hatua moja. Susu Kalunde akavuta gunia lake pembeni, akampisha Muthoki aketi.