Sema Huku Umeishika

Taa za ngazini zilikuwa zimeanza kuwaka, moja inawaka, moja inapepesa, na Dokta alikuwa anafunga duka. Hakuwa daktari wa watu. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu kompyuta iliyokufa ikipita mikononi mwake ilifufuka, na yeye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Duka lenyewe lilikuwa ghorofani, chumba chembamba chenye kabati za vioo kushoto na kulia, meza ya kazi nyuma, na maboksi yaliyopangwa mpaka karibu na dari.

Jioni ile alikuwa na haraka. Binti yake, Kadogo, alimwagiza wino wa printa kwa ajili ya kazi ya shule, na mkewe muuguzi alikuwa zamu. Mtoto alikuwa peke yake nyumbani.

"Unavyozipapasa hizo kabati kama unamuaga mchumba!" jirani yake akamtania kutoka koridoni. Aliuza makava ya simu pale nje, na jengo zima lilimwita Mama Kava.

"Mchumba gani atanitaka, na wewe umeniziba mlango?"

Mama Kava akacheka, akaendelea kufunga kamba mzigo wake.

Ndipo ikaja harufu.

Plastiki iliyoungua. Ile harufu kali inayokaa kooni, ambayo fundi akiisikia hata usingizini anaruka. Dokta akainama, akakagua soketi ya chini ya kaunta, akagusa waya wa meza ya kazi. Baridi. Kila kitu kilikuwa kimezimwa.

Alipoinua kichwa, mama mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

Mtu mzima, mwembamba, amejifunika mtandio mpaka juu ya pua. Kifuani alikuwa amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa shuka, vile mtu anavyombeba mtoto anayeumwa. Akakiweka juu ya kioo, akalifungua shuka. Lilikuwa kasha la kompyuta. Tupu. Limesuguliwa mpaka likachubuka, lakini kwenye pembe, pale ambapo brashi haifiki, masizi yalikuwa yamebaki.

"Kasha ninalo, kaka. Nataka vya ndani."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya chini, kama ya mtu mwenye mafua. Na kilichomshangaza Dokta kilikuwa hicho cha kuitwa kaka. Mama wa umri ule angemwita mwanangu, au baba. Lakini mteja wa jioni hachaguliwi kwa maneno yake. Akavuta kiti.

"Shikamoo, mama. Ni ya kazi gani?"

"Video za harusi."

"Zako?"

"Za mwanawe huyu mama," ilisema ile sauti, na mkono mkavu ukaupapasa mtandio kifuani.

Dokta akadhani hakusikia vizuri.

Basi wakachagua. Na hapa lazima tumpe haki yake, kwa sababu kazi ya kuchagua vipande aliijua na aliipenda. Mteja mwenye uwezo wa kati ndiye aliyemfurahisha zaidi. Tajiri anachukua kila kilicho juu, hakuna cha kufikiri. Mtu wa kati unakaa naye kitako, mnapunguza hapa, mnaongeza pale, mpaka mashine inakuwa kama nguo iliyopimwa mwilini. Akamtolea prosesa ya daraja la katikati, akamweleza kuwa ile ya bei mbaya ingelala tu usingizi. Akamwekea mazabodi, ule ubao unaounganisha vipande vyote, isiyo na taa wala mbwembwe. Memori akamwongezea, maana video zinakula memori. Kadi ya picha akampa iliyotumika, lakini safi, aliifungua mwenyewe na kuipuliza.

"Hapa tumeokoa," akasema, na alimaanisha.

Mama aliitikia kwa kichwa kila mara. Macho yake hayakuangalia vipande. Yaliangalia mikono ya Dokta.

Ikabaki pawasaplai, lile boksi la chuma linalovuta umeme wa ukutani na kuugawa kwa mashine nzima.

Dokta alikuwa nazo za aina mbili. Za kweli zilikuwa juu, karibu na dari. Za pili zilikuwa chini ya kaunta, na hizo alizijua kwa undani kwa sababu alizitengeneza. Alinunua zile nyepesi zisizo na kitu ndani, akazifungua siku za mapumziko, akamwaga donge la saruji kwenye kona, akalikandamiza kwa kidole gumba, akafunga na kubandika lebo nzuri. Watu hupima pawasaplai kwa kuinyanyua. Ikiwa nzito wanasema hii ndiyo yenyewe. Koridoni pale karibu kila duka lilikuwa na saruji yake. Nyingi zilifanya kazi bila shida, na zilizokufa zilikufa kimya. Dokta hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuona mwisho wa kile alichokiuza.

Akaishusha moja juu ya kioo.

"Ukichukua hii, bajeti yako inatosha na chenji inabaki. Inyanyue tu, mama. Uione."

Mama akainyanyua.

"Nzito," ikasema sauti. "Nzito kama mtoto mchanga."

Maneno hayo... Dokta aliwahi kuyasikia mahali. Kutoka kinywa cha nani?

"Nikuulize, kaka. Nyumbani kwako kuna kompyuta?"

"Ipo. Ya binti yangu."

"Ndani yake umeweka ipi?"

Ya Kadogo ilikuwa ya kweli, ya kule juu, tena aliifungua kwenye boksi lake mbele ya mtoto, na mtoto akaibandika stika ya ua. Lakini jibu la swali hilo Dokta alikuwa nalo tayari mdomoni miaka yote, na lilimtoka kama mtu anavyoitikia salamu.

"Hiihii, mama. Hii ndiyo niliyomfungia mwanangu mwenyewe. Analala nayo chumba kimoja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mama akamsogezea lile boksi.

"Sema huku umeishika."

Akacheka kidogo. Akaishika. Ilikuwa ya moto.

Haikuwa imechomekwa popote.

"Hii..." Akaihamishia mkono wa pili. "Hii ndiyo niliyomfungia mwanangu."

Taa ya ngazini ikafifia, ikarudi.

"Basi," ikanong'ona sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na kitu kama kuridhika. "Na iwe hivyo. Nifungie na mimi."

Akafunga. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho, skrubu zikamdondoka, lakini akafunga. Alipobonyeza swichi, feni ikazunguka bila kelele. Mama akalifunika kasha lake kwa shuka, akalikumbatia, akalipa, akatoka bila kuaga. Nyayo zake zilisikika zikishuka ngazi, polepole, kama za mtu aliyebeba aliyelala.

Mama Kava akaingia. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Dokta. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Si yule mama? Umempisha mwenyewe mlangoni."

"Nimemwona. Nauliza, nani alikuwa anakujibu?"

"Si yeye!"

"Yule hasemi." Mama Kava alishusha sauti. "Naishi mtaa mmoja naye. Hajatamka neno tangu amzike mwanawe. Humkumbuki? Yule kijana wa video za harusi. Alikuja hapahapa, akasimama hapohapo, akainyanyua ile kitu na kucheka, eti nzito kama mtoto mchanga. Wewe ukamwambia hata mwanao anayo hiyohiyo. Nilikuwa nasikia mimi, nafunga mzigo."

"Ikawaje?"

"Aliungua nayo chumbani, Dokta. Amelala. Nilidhani unajua."

Simu ilikuwa tayari sikioni mwa Dokta.

Iliita. Ikaita.

"Baba?"

"Kadogo, kompyuta yako imewaka?"

"Ndiyo... Baba, inatoa kaharufu."

"Izime! Izime sasa hivi!"

"Nimeizima. Imejiwasha tena."

"Chomoa waya ukutani."

Akasikia pumzi ya mtoto. Nyuma yake feni ikivuma, ikipanda, ikipanda.

"Baba," Kadogo akanong'ona. "Nilishauchomoa. Huu hapa, ninao mkononi."

Simu ikakatika.

Hakukumbuka baadaye alishukaje ngazi. Alikumbuka watu wakimpisha njiani, na mtu mmoja akimwuliza, "Mzee, mwizi yuko wapi?" Alikimbia roho mkononi, viatu vikampwaya, akavivua akaviacha. Kwenye kona ya nyumbani kwake moshi ulikuwa unatoka dirishani, mwembamba, mweusi, ukinyooka juu kama uzi.

Mlango wa chumba cha Kadogo haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Haukuwahi kuwa na ufunguo. Lakini ulikataa. Akausukuma kwa bega, akaupiga teke, akaliita jina la mtoto mpaka sauti ikamkwama. Halafu ukafunguka wenyewe, taratibu, kama mtu wa ndani ameridhika kwamba mgeni amefika.

Kadogo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amejiziba pua kwa gauni. Moto ulikuwa umeishika meza na ulikuwa unapanda pazia. Dokta alimbeba, akatoka naye, majirani wakaingia na ndoo za mchanga.

Uani mtoto alikohoa, akalia, akanyamaza. Dokta akampapasa kichwa, mikono, miguu. Mzima. Hakuna hata unywele ulioungua.

"Ningeweza kutoka, baba," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Kuna mtu aliniambia nikae."

"Mtu gani?"

"Alikuwa nyuma ya mashine. Alisema, kaa hapohapo. Kaka anakuja, nataka aone."

Majirani walipoitoa mashine nje, Dokta aliifungua ikiwa bado inafuka moshi. Ndani hapakuwa na pawasaplai yenye stika ya ua. Palikuwa na ile ya chini ya kaunta. Akaipasua kwa bisibisi. Donge la saruji likadondoka miguuni pake, na juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba, yenye ule mkato wa kovu alilolipata utotoni. Akaweka kidole chake pale. Kikaingia barabara.

Ile ya kweli hakuiona tena. Huenda ipo ndani ya kasha lenye masizi pembeni, inafanya kazi vizuri. Nani anajua.

Akamgeukia mtoto. Alitaka kumwambia jambo dogo tu, lile ambalo kila mzazi angelisema.

"Usiogope. Nipo."

Ilikuwa sauti nyembamba. Ya chini. Kama ya mtu mwenye mafua.

Kadogo akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa baba yake. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho yamemtoka, mpaka akamfikia jirani na kujificha kwenye nguo zake.

"Ndiye huyo," akasema. "Ndiye aliyekuwa mle chumbani."

Tangu usiku huo Dokta hakufungua kinywa nyumbani. Mkewe alidhani ni mshtuko, akamchemshia maji ya chumvi asukutue. Asubuhi alikwenda dukani, na mteja wa kwanza aliponyanyua boksi la chini ya kaunta, Dokta alikuwa amefunga midomo, ameiuma, na bado sauti ikatoka: "Iache hiyo. Ina saruji." Mteja akatazama huku na huku, akatoka mbio. Mama Kava, aliyekuwa koridoni, akaangusha mzigo wote aliokuwa amebeba. Hakumtania. Dokta akamwandikia kwenye kipande cha boksi, akimwomba amwelekeze kwa yule mama, naye akanyoosha tu mkono na kumtajia rangi ya mlango.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Nyumba ilikuwa ndogo, imefagiliwa. Mama alikuwa amekaa kizingitini bila mtandio, uso mtulivu, mikono imelala mapajani. Nyuma yake, ndani, kompyuta ilikuwa inawaka mezani, na skrini ilionyesha bibi harusi akicheka bila sauti.

Dokta akapiga magoti. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno. Kwamba hakujua. Kwamba ataziharibu zote zilizobaki. Kwamba anaomba, kwa jina la chochote anachokiheshimu, mtoto wake asiguswe, na sauti yake irudishwe ili mtoto asimkimbie. Akavuta pumzi, akafungua kinywa kuomba radhi.

"Shikamoo, mama," kinywa kikasema.

Yule mama akafumba macho, vile mtu mwenye kiu anavyofumba akipata maji. Machozi yakamtiririka. Alipoyafumbua hakumtazama Dokta machoni. Alitazama mdomo wake. Na alipojibu, alijibu kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya ukarimu, yenye kutu ya kukaa muda mrefu bila kutumika.

"Marahaba, mwanangu. Umekaa vizuri humo?"

Dokta alitaka kuinuka. Magoti hayakumsikia.

"Nimekaa, mama," kikasema kinywa chake. "Ila kuna mtoto pale nyumbani. Ananiogopa."

Mama akanyoosha mkono, akamshika kidevu kwa upole mkubwa, akamfuta vumbi shavuni kwa kidole.

"Nenda kalale kwenu," akasema. "Atakuzoea."